Maji ya Mto Rwizi: Moto wa Jikoni Hauui Kila Uchafu

Mto Rwizi huanzia katika vilima vya Buhweju, ukateremka kupitia mabonde ya migomba na malisho ya ng'ombe, ukakata katikati ya jiji la Mbarara, kisha ukaingia katika vinamasi vya mafunjo na maziwa ya upande wa Isingiro na Kiruhura, yakiwamo Nakivale na Mburo. Kutoka huko maji yake huendelea hadi Ziwa Viktoria, na mwisho, kwa njia ya Mto Naili, huifikia bahari ya Mediterania. Katika safari hiyo ndefu kila kituo kina mtu anayechota, na kila kituo kina mtu anayemwaga. Anayemwaga juu hamjui anayechota chini, wala hatamwona akiugua.

Mke wa askari akinga maji bombani kambini Mbarara, na mama mkimbizi apangaye foleni na jerikeni lake Nakivale, ni majirani ingawa hawajapata kuonana. Mji huchota maji yake kutoka Rwizi. Makazi ya Nakivale huchota kutoka ziwa ambalo Rwizi hulilisha. Maji yaliyokwisha kutumika mjini, pamoja na yote yaliyomo ndani yake, hushika njia ile ile ya kuteremka.

Wengi wetu tulifundishwa kanuni moja tangu utotoni: maji ya kunywa yachemshwe. Kanuni hiyo ni njema na hakuna mtaalamu anayeitangua. Hata hivyo, uchunguzi wa kisayansi katika nchi nyingi umekwisha kuthibitisha kwamba uchafu wa maji ni wa namna mbili. Uko uchafu wenye uhai, nao hufa jikoni. Na uko uchafu usio na uhai, ambao moto hauuwezi, na pengine huuzidisha. Yafaa kila jamaa aelewe tofauti hiyo, kwa kuwa dawa ya ule wa kwanza iko mikononi mwa mpishi, na dawa ya ule wa pili iko mikononi mwa yule anayemwaga.

UCHAFU WENYE UHAI

Uchafu wenye uhai ni vijidudu vitokavyo katika vinyesi vya watu na wanyama: vya kipindupindu, vya homa ya matumbo, vya kuhara damu, na vinginevyo vingi. Havionekani kwa macho. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yakawa na sumu ya kuua nyumba nzima.

Mwaka 1854 daktari John Snow alichunguza kipindupindu kilichokuwa kikiua watu katika mtaa mmoja wa London. Aliandika mahali alipokuwa akiishi kila marehemu, akaona kwamba wengi wao walichota maji katika bomba moja la mkono la Broad Street. Mpini wa bomba hilo uliondolewa. Baadaye iligunduliwa kwamba shimo la choo lilikuwa karibu sana na kisima. Wakati huo hakuna daktari aliyekuwa amewatambulisha walimwengu kijidudu cha kipindupindu kuwa ndicho chanzo cha ugonjwa huo. Robert Koch alifanya hivyo mwaka 1884. Snow alifuata nyayo tu, kama apelelezavyo polisi hodari, naye akamfikia mhalifu.

Historia ya majeshi nayo ina fundisho lake. Mwezi Februari 1900, katika vita vya Afrika Kusini, jeshi la Waingereza liliwazingira Makaburu huko Paardeberg, ukingoni mwa Mto Modder. Mizoga ya farasi na ng'ombe ilitupwa mtoni upande wa juu, na askari waliokuwa chini walikunywa maji yale yale. Walipofika Bloemfontein, homa ya matumbo ilizuka kambini na kujaza hospitali. Katika vita vile vyote, toka 1899 hadi 1902, homa ya matumbo iliua askari wa Uingereza wapatao 8,000, na magonjwa kwa jumla yaliua wengi kuliko risasi. Mto haukuchagua baina ya ofisa na askari wa kawaida.

Karibu nasi zaidi, mwezi Julai 1994, mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda walivuka mpaka na kuingia Goma. Nchi ile ni ya mawe ya volkeno, na kuchimba choo ni kazi ngumu. Watu walichota maji Ziwa Kivu bila ya kuyasafisha. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Wapo wasomaji wetu, Nakivale na kwingineko, waliozika ndugu zao siku zile. Hao hawahitaji kuelezwa thamani ya choo.

JINSI VIJIDUDU VINAVYOPIMWA

Huenda msomaji akauliza: ikiwa vijidudu ni vya aina nyingi hivyo, mpimaji atavitafutaje vyote? Jibu ni kwamba havitafuti vyote. Mwaka 1885 daktari Theodor Escherich alieleza habari za bakteria mmoja aishiye katika utumbo wa binadamu, ambaye leo huitwa Escherichia coli kwa heshima yake. Bakteria huyo hukaa tumboni mwa watu wote na wanyama wengi. Kwa hiyo akionekana katika maji, ni ushahidi kwamba kinyesi kimeingia humo, na palipo na kinyesi magonjwa yanaweza kufuata.

Mpimaji huchukua mililita 100 za maji, yaani kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa, akayachuja kwa karatasi yenye matundu madogo mno. Karatasi hiyo huwekwa juu ya chakula cha bakteria, ikatunzwa katika joto la digrii 44 kwa muda wa siku moja. Kila bakteria aliyenaswa huzaana na kuwa kitone kionekanacho kwa macho, na mpimaji huvihesabu vitone hivyo. Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba katika mililita 100 za maji ya kunywa asionekane hata mmoja.

Uchafu huu wenye uhai ndio unaoua wengi na upesi, hasa watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa hiyo yanayofuata yasimfanye mtu yeyote apuuze kuchemsha maji.

UCHAFU USIO NA UHAI

Tuanze na naitreti. Hii ni chumvi itokayo katika vyoo, samadi na mbolea za shambani. Haina rangi wala harufu. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Marekani alieleza habari za watoto wachanga waliogeuka rangi na kuwa ya kibuluu, kwa sababu maziwa yao yalikorogwa kwa maji ya visima vyenye naitreti nyingi. Naitreti ikiingia katika mwili wa mtoto mchanga huweza kuizuia damu isichukue hewa ya kutosha. Kipimo cha juu kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita moja.

Hapa ndipo moto unaposhindwa. Ukiweka lita mbili za maji jikoni zikachemka mpaka ikabaki lita moja, mvuke umeondoka, lakini naitreti yote iliyokuwa katika lita mbili sasa imo katika lita moja. Mama aliyedhani amemlinda mwanawe kwa kuchemsha muda mrefu amemwongezea mzigo. Maji yakichemka kwa nguvu na mapovu makubwa yametosha. Hapana haja ya kuyaacha yakauke. Na mtoto anyonyeshwaye maziwa ya mama yu salama zaidi kuliko yule anayepewa ya kopo.

Uchafu wa pili wa namna hii ni madini mazito. Huko Japani, katika ghuba ya Minamata, kiwanda kimoja kilikuwa kikimwaga baharini maji yenye zebaki. Samaki na chaza wakaikusanya miilini mwao. Mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu ulitambuliwa rasmi: watu walitetemeka, wakapoteza uwezo wa kuona na kusema, na paka waliokula samaki walirukaruka kama wenye wazimu. Serikali ya Japani ilikiri rasmi mwaka 1968 kwamba chanzo kilikuwa zebaki ya kiwandani. Wake wa wavuvi walikuwa wakipika samaki hao vizuri kila siku, lakini upishi haukuondoa zebaki hata kidogo. Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki umepewa jina la Minamata, nayo Uganda iliutia sahihi mwaka 2013 na kuuthibitisha mwaka 2019. Jambo hilo latuhusu, maana zebaki hutumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu mahali pengi, na vilima vya Buhweju, chimbuko la Rwizi, vina dhahabu.

Uchafu wa tatu ni mpya masikioni mwa wengi: dawa za hospitali. Mgonjwa akimeza kidonge, sehemu yake hutoka katika mkojo na kuingia chooni. Mwaka 2022 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walitangaza matokeo ya kupima mito 258 katika nchi 104. Waliona dawa katika mito ya mabara yote, na baadhi ya viwango vikubwa kabisa vilikuwa katika Afrika ya kusini mwa Sahara. Ziwa Viktoria nalo, upande wa Uganda, limepimwa, na mabaki ya viuavijasumu yakaonekana.

Yafaa tuseme kweli bila ya kutia hofu. Viwango vya dawa hizo ni vidogo mno, na mtu hapati ugonjwa kwa kunywa bilauri moja. Hatari iko kwingine. Kijidudu kinachoishi siku zote katika maji yenye dawa kidogo huweza kuizoea dawa hiyo, kama askari aliyepigwa risasi za bandia mpaka akaacha kuziogopa. Siku mtu akiugua kweli, dawa haitafanya kazi. Huko Goma mwaka 1994, kijidudu cha kipindupindu kilichopimwa kilikuwa sugu mbele ya dawa ya tetrasaiklini iliyokuwa ikitegemewa.

MTO NAO HUPUNGUKIWA PUMZI

Mbali na sumu, maji machafu huua mto kwa kuunyima hewa. Damu ya machinjio, mabaki ya maziwa, machicha ya pombe na kinyesi ni chakula cha bakteria. Bakteria wakila, huvuta hewa iliyomo majini. Chakula kikizidi, hewa huisha, na samaki hufa kwa kukosa pumzi. Wataalamu hupima jambo hili kwa kufungia maji katika chupa gizani kwa siku tano, katika joto la digrii 20, kisha wakatazama hewa iliyotumika. Kanuni za Uganda za mwaka 1999, ambazo ziliandikwa upya mwaka 2020, ziliweka mpaka: maji yatokayo kiwandani yasitumie zaidi ya miligramu 50 za hewa kwa lita moja.

Fosfeti ya sabuni na mbolea huleta madhara ya namna nyingine. Ziwa hurutubika kama shamba, mwani wa kijani ukatanda juu ya maji, na gugumaji likanawiri. Mvuvi hutupa wavu na kuvuta majani.

WATAFITI WANA KAZI GANI RWIZI?

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, kiko hatua chache tu kutoka mtoni, na wataalamu wake ni miongoni mwa waliouchunguza Rwizi. Mwaka 2017 watafiti Ojok, Wasswa na Ntambi walichapisha uchunguzi wao juu ya jinsi hali ya maji ya Rwizi inavyobadilika kwa majira katika mji wa Mbarara. Suala la majira si dogo. Wakati wa kiangazi mto hupungua, lakini watu hawapunguzi kumwaga. Uchafu ule ule huingia katika maji machache. Mvua za kwanza zikinyesha, huosha mitaa, gereji, mazizi na vyoo vilivyojaa, zikabeba vyote kwa siku moja. Anayepima mara moja kwa mwaka amesikia neno moja tu katika hotuba ndefu.

Watafiti pia wametuonyesha thamani ya vinamasi. Huko Kampala, maji machafu ya mji hufuata mfereji wa Nakivubo hadi ghuba ya Murchison, ghuba ile ile ambayo maji ya kunywa ya mji huchotwa huko Ggaba. Kati ya mfereji na ziwa kiko kinamasi. Mwaka 1999 Frank Kansiime na Maimuna Nalubega walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa kinamasi hicho, yakaonyesha kwamba kinasafisha maji machafu, na kwamba mafunjo hufanya kazi hiyo vizuri kuliko majani mengine ya hapo. Mizizi ya mafunjo huelea, ikachuja, ikanasa tope na kufyonza rutuba. Lakini sharti maji yatandae polepole ndani ya mafunjo. Mtu akichimba mtaro ili apate shamba, maji hupita mbio na uchafu wake.

Funzo hilo latuhusu sana sisi wa Rwizi. Kila kinamasi kinachofyekwa kwa ajili ya viazi, malisho au kufyatua matofali ni figo moja iliyotolewa katika mwili wa mto. Eneo la maziwa ya Mburo na Nakivale liliandikishwa mwaka 2006 katika orodha ya vinamasi vyenye thamani kwa dunia nzima, chini ya mkataba uliotiwa sahihi Ramsar mwaka 1971. Heshima hiyo haina maana ikiwa maji yanayoingia humo ni ya kutia haya.

NAKIVALE: MWISHO WA BOMBA

Makazi ya Nakivale yalianza kupokea wakimbizi wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo wanaishi humo zaidi ya watu laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, na Kiswahili kimekuwa daraja baina ya wengi wao. Maji ya ziwa huvutwa kwa pampu, husafishwa, kisha hupelekwa kwenye mabomba.

Kazi ya kusafisha huanza kwa shabu. Shabu hukusanya vumbi na tope lililotawanyika majini, likawa mabonge mazito na kuzama. Kisha hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Ni lazima klorini kidogo ibaki majini mpaka bombani, kiasi cha miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, ili iendelee kulinda maji njiani. Harufu hafifu ambayo baadhi ya watu huilalamikia ndiyo harufu ya mlinzi aliye zamu.

Sasa tazama uhusiano uliopo. Maji yakiwa na tope jingi, shabu nyingi hutumika, na klorini humalizwa na uchafu kabla haijawafikia vijidudu. Kwa hiyo mchanga unaochimbwa mtoni, na ukingo unaolimwa mpaka majini, ni gharama na hatari kwa mtu aliye mbali nao. Wala shabu na klorini haziondoi naitreti. Mtambo, kama moto wa jikoni, una mipaka yake.

YATUPASAYO KUFANYA

Nyumbani, kwa ajili ya uchafu wenye uhai:

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatoe mapovu makubwa, kisha yapoe ndani ya chombo kile kile kilichofunikwa. Penye uhaba wa kuni, chupa angavu za plastiki zisizozidi lita mbili zijazwe maji yasiyo na tope na zilazwe juani kwa saa sita. Mawingu yakitanda, siku mbili. Anayetumia vidonge vya klorini afuate maagizo ya pakiti na angoje nusu saa. Jerikeni lioshwe ndani mara kwa mara, maana utelezi uliomo hula klorini. Mikono isitumbukizwe katika mtungi. Choo cha shimo kiwe umbali usiopungua mita 30 kutoka kisimani.

Kwa ajili ya uchafu usio na uhai, ambao hauna dawa jikoni:

Vidonge vilivyobaki visitupwe chooni wala mtoni, virudishwe zahanati. Viuavijasumu vinywewe kwa agizo la daktari tu, na vimalizwe. Oili ya gari, maji ya betri na mabaki ya dawa za kuogeshea ng'ombe visimwagwe katika mtaro. Magari na pikipiki yasioshewe mtoni, yawe ya raia au ya Serikali. Samadi isirundikwe ukingoni.

Kambini, wakuu wa vikosi na maofisa wa afya wana wajibu wa kukagua mashimo ya maji machafu kama wanavyokagua silaha. Shimo linalofurika nyuma ya mabanda ya askari ni adui aliyekwisha kuvuka mstari.

SHERIA IPO

Kanuni za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 100 kwenye kingo za mito mikubwa iliyoorodheshwa, mita 30 kwa mito mingine, na hadi mita 200 kwenye mwambao wa maziwa makubwa. Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira inasimamia kanuni hizo, na Jeshi la Polisi lina kikosi cha kulinda mazingira. Lakini polisi hawezi kusimama nyuma ya kila mwananchi mwenye ndoo. Naye mkubwa mwenye kiwanda asisamehewe kwa sababu ya ukubwa wake, wakati mwenye kufyatua matofali anafukuzwa ukingoni. Sheria inayokamata mkia na kuacha kichwa haiheshimiwi.

Wataalamu wa maji watapima, nao watatwambia kilichomo. Mama atachemsha, naye ataua kinachoweza kuuawa. Kilichobaki ni kile ambacho hakuna mtambo wala chungu kitakachokiondoa kikishaingia mtoni, na hicho kina lango moja tu la kukizuia: mkono wa yule anayetaka kukimwaga. Ndugu msomaji, kabla ya kumwaga, mkumbuke aliye chini yako. Naye aliye juu yako, huko Buhweju, anapaswa kukukumbuka wewe.